Miaka Yangu ya Kuwachagulia Watu Wazima Mchezo

Siku ya kwanza kazini nilijificha nyuma ya friji ya soda. Nilikuwa darasa la saba, shule zimefungwa, na mama alikuwa amenituma Masara kwa shangazi yangu nikamsaidie kuosha vikombe. Shangazi huyo sisi humwita Waya, kwa sababu ndivyo Waluo tunavyomwita dada ya baba. Alikuwa na hoteli ya chai, ya mabati, karibu na mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na nje mbele ya dirisha la jikoni kulikuwa na ua wenye meza mbili ndefu. Wachimbaji na wasagaji walipotoka kazini, vumbi limewajaa hadi kwenye kope, walikuja pale kunywa chai na kucheza.

Waya alinivuta kutoka nyuma ya friji akaniwekea sanduku la mbao mikononi.

"Nyar owadwa," alisema, yaani binti wa ndugu yangu, "vikombe vitaoshwa tu. Wewe waangalie wale watu sita, halafu uniambie wacheze nini."

"Sijui, Waya."

"Ndiyo maana nimesema uwaangalie."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na minane na najua mtacheka, lakini mtu aliyefanya kazi moja tangu darasa la saba hadi akamaliza kidato cha nne ana haki ya kusema "enzi zetu". Nawaandikia ninyi wadogo zangu mtakaoachiwa lile sanduku, kwa sababu kuongea mbele yenu nitashindwa. Mnanijua.

Ndani ya sanduku kulikuwa na ubao wa drafti wa plywood, na kete zake zikiwa vifuniko vya soda, upande mmoja umelaza vifuniko vyake kifudifudi na mwingine chali. Kulikuwa na ludo, dhumna, karata pungufu, na ajua, ule ubao wa mashimo na mbegu ambao wazee wetu waliucheza kabla ya sisi sote. Mtu asiyejua kazi hii hudhani unachagua mchezo mzuri kuliko yote. Hakuna mchezo kama huo. Unachagua watu kwanza. Waya aliita kazi hiyo kupima meza: nani amekasirika, nani hajui kusoma vizuri na hataki ijulikane, nani akishindwa huwa anatukana. Pale Masara dadu hatukuitoa kabisa, maana dadu ikigonga meza ya wachimba dhahabu mara mbili tu, mtu anaingiza mkono mfukoni na mchezo unageuka kamari. Karata pia hazikutoka akiwepo Msabato, kwa kuwa ataondoka bila kusema kitu na chai yake ataiacha.

Tena kulikuwa na kile tulichoita kifungua kinywa. Usiwaanzishe watu waliochoka na mchezo wa kufikiri. Wape kwanza kitu cha kijinga. Sisi tulikuwa tunawapangisha vifuniko vya soda juu ya chupa, kila mtu akiongeza kimoja hadi vianguke. Watu wazima wakishapigiana kelele kwa sababu ya kifuniko, wako tayari kwa lolote.

Lakini mchezo wenyewe wa Masara ulikuwa drafti, na drafti yenyewe ilikuwa Waya na Marwa.

Marwa alikuwa fundi wa mashine ya kusaga, Mkuria kutoka upande wa mpakani, mrefu, kijana bado. Alipofika alikuwa hata hajaketi anasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mathe, leo utalia!" Naye Waya, bila kugeuka, alikuwa anajibu, "Lia wewe kwanza, mimi nina chai jikoni." Kisha alijipangusa mikono akaja kuketi mbele yake. Watu walijaa. Marwa alikuwa na mtindo wake: kete moja ya pembeni aliiacha palepale alipoianzishia, haijaguswa, hadi mwisho kabisa, halafu ndiyo ikamla mtu. Waya alijua, na bado wakati mwingine ililiwa kete yake.

"Yawa! Hii kete yako inalala kama mgonjwa, kumbe inanisubiri mimi!"

"Mathe, mgonjwa amepona."

Nikiwa kidato cha kwanza Marwa akamwoa Awuor, binti wa Waya.

Sote tulifurahi. Hakuna aliyefikiria drafti. Lakini ninyi mnajua mambo ya maro, mama mkwe. Mkwe hakai naye meza moja, hali mbele yake, hamtazami usoni akimchezea maneno. Kwetu ni hivyo, na kwa Wakuria labda ni zaidi. Jumapili ya kwanza baada ya mahari, Marwa alikuja na Awuor, akasimama langoni, akainamisha kichwa, akasema, "Habari ya mchana, mama." Mama. Si Mathe, lile neno la mtaani. Waya naye alijibu huku ameangalia chini, akaingia jikoni. Ubao ukawekwa juu ya kabati.

Wengine walijaribu kucheza naye. Alicheza mara moja moja, akasema wanamchosha. Marwa akawa anamleta Awuor hadi langoni na kurudi, chai hanywi. Na wakati mmoja, tukipepeta mchele, Awuor aliniambia kitu ambacho sikukisahau.

"Hawa walikuwa marafiki kabla yangu. Sasa wakinitazama, naona kama mimi ndiye ukuta."

Nilitaka kumwambia siyo. Nikaendelea kupepeta. Ila kuanzia siku hiyo nilikuwa nikikutana na mchezo wowote najiuliza kama hawa wawili wangeweza kuucheza.

Kituo changu cha pili kilikuwa Sindo, kwa mjomba wangu ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi. Mbalamwezi ikiwa kali omena, dagaa wa ziwani, hawafuati taa, kwa hivyo mashua hupumzika na wanaume hukaa bandani mchana wakishona nyavu. Mwenyekiti aliniagiza nije na sanduku. Shida ya Sindo ilikuwa wingi. Meza ya drafti inataka wawili, na pale walikuwa kumi na kitu, kila mmoja nyuma ya mchezaji, "Sogeza hiyo! Omera, wewe ni kipofu?" Mchezaji anakasirika, anamwaga kete, basi. Nikamwomba Mwenyekiti awafukuze washauri.

Aliitoa sindano ya nyavu mdomoni.

"Mtu anayepiga kelele nyuma ya mchezaji anaomba kazi," alisema. "Kwa nini umfukuze? Mpe."

Tukawagawa vikosi viwili. Kila kikosi kinanong'onezana, kinakubaliana, halafu msemaji mmoja tu ndiye anayegusa kete. Siku hiyo nyavu hazikushonwa. Mwenyekiti mwenyewe alilaumiwa na wake za wavuvi, na akasema ni mimi.

Kituo cha tatu kilikuwa Homa Bay, likizo ya kidato cha tatu, kwenye ukumbi mmoja wa kukodisha ambako binamu yangu alikuwa akifanya usafi. Meneja wa ukumbi alikuwa mama mkali mwenye miwani iliyofungwa kamba, lakini alipenda wateja wake wacheke kwa sababu waliocheka walirudi. Mchana mmoja waliletwa wafanyakazi wa ofisi fulani, wamekuja kujiburudisha na mkubwa wao. Nikawapa drafti ya vikosi, nikiwa na kiburi changu cha Sindo. Ikakataa. Kila kete ya mkubwa iliyokuwa ya kuliwa, haikuonekana. Kikosi kizima cha watu wenye macho, eti hawakuiona! Mkubwa alishinda na uso wake ukazidi kununa.

"Unaona hapo?" Meneja aliniambia pembeni. "Hata yeye anajua wanampa. Hakuna kitu kinauma hivyo."

"Wanamwogopa, madam."

"Basi wasimwone."

Tulitafuta ubao wa pili. Nilichukua chaki nikaandika namba katika kila mraba mweusi, mbao zote mbili sawasawa. Nikaweka kikosi kimoja chumba hiki na kingine chumba kile. Mimi nasimama katikati nikipeleka namba: kumi na nane kwenda ishirini na mbili. Kila upande unasogeza kete za wote wawili kwenye ubao wake. Hakuna anayejua ni nani upande wa pili aliyetoa wazo, kwa hivyo hakuna wa kumwogopa. Mkubwa alipigwa vibaya. Alitoka kule chumbani ameshika kichwa, anacheka, anauliza, "Ni nani kati yenu ana roho mbaya hivi?" na wote wakacheka.

Nilikuwa nimesimama pale mlangoni na chaki mkononi nikamkumbuka Awuor na ukuta wake. Nikafikiri, ukuta wenyewe ndio tuliokuwa tunauhitaji.

Nilirudi Masara nikamwomba Waya anipe Jumapili moja. Aliniuliza ya nini nikasema ya kazi. Nilikata plywood nikatengeneza ubao wa pili, nikaweka mmoja jikoni kwa Waya na wanawake wawili jirani zake, mwingine uani kwa wasagaji. Kisha nikaenda langoni. Marwa alikuwa amemleta Awuor na mtoto wao, Boke, tayari anageuka kuondoka.

"Shemeji," nilisema. Sauti haikutoka. Nikarudia. "Shemeji, uani wanataka mtu mmoja. Drafti. Wapinzani wako jikoni, hutawaona. Nao hawatakuona."

Alitazama jikoni, akatazama ua. Akauliza polepole, "Jikoni kuna nani?"

"Wanawake."

"Wanawake gani?"

"Shemeji, mimi ni wa kupeleka namba tu."

Aliingia. Akakaa mwisho wa benchi, mgongo kwa dirisha la jikoni. Awuor alikataa kuwa upande wowote, alisema yeye atakula mandazi.

Nikaanza kutembea kati ya mlango na ua. Wanawake walisogeza, wanaume walisogeza. Kikosi cha uani mwanzoni kilicheza ovyo, kila mtu na wazo lake. Halafu hatua zikaanza kuwa na utulivu. Mara Waya, aliyekuwa ameinamia ubao, akaweka kidole juu ya kete moja ya pembeni, ya wanaume, ambayo haikuwa imeguswa tangu mwanzo. Hakusema jina. Alinyanyua uso akanitazama na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Huyu mgonjwa," alisema, "namjua."

Kisha akajipangusa mikono, ingawa ilikuwa mikavu, akavuta stuli karibu.

Jumapili zote za mwaka wangu wa mwisho ziliisha hivyo. Namba zilikuwa rahisi. Kilichonitesa ni maneno. Mimi ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono, nilitakiwa kupeleka matusi ya mchezo kutoka kwa wasagaji mawe. Mwanzoni niliyapunguza makali. Wanaume wanasema, "Waambie hao jikoni waanze kupika machozi," mimi nafika mlangoni nasema, "Wanawatakia mchezo mwema."

Waya aliniangalia. "Nani amesema hivyo?"

"Wao."

"Hakuna msagaji anayesema mchezo mwema. Rudi ulete maneno yao."

Nikajifunza kuyapeleka yalivyo. Siku ya kwanza niliyoyatamka kwa sauti, jikoni nzima ilipiga makofi, na mimi nilienda kujificha nyuma ya friji kwa mazoea. Lakini Marwa yeye hakuwahi kutuma neno. Alitoa namba tu, kwa adabu, na Waya naye alirudisha namba. Niliwapa mchezo wao, kile walichokuwa wakisemezana sikuweza kuwapa. Niliona hapo ndipo kazi yangu ilipofikia.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya mwisho kwangu, kwa sababu kesho naenda chuo. Miguu yangu ilikuwa imechoka na kufungasha, nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Boke, ambaye hajafika miaka minne, alikuwa akizunguka kati ya ua na jikoni kama anavyozunguka siku zote. Mtoto wa hivyo hana mpaka. Anakaa kwenye goti la baba yake, anatoka hapo anaenda kukaa kwenye goti la bibi yake, na hakuna mila inayomgusa.

Wanaume walikuwa wameshika mchezo vizuri. Ile kete ya pembeni ilikuwa inakaribia kuamka. Nilimwona Marwa akimvuta Boke karibu, akamnong'oneza sikioni. Boke akakimbia akanipita, akafika mbele ya Waya, akasimama na mikono nyuma kama mtu wa kukariri shairi shuleni.

"Dani," alisema, maana ndivyo anavyomwita bibi yake. "Leo utalia."

 Wale wanawake jirani walitazama chini. Uani hakuna aliyesogeza kitu, na Marwa alikuwa ameinamisha kichwa karibu kugusa meza, kama mtu anayengoja kugombezwa.

Waya alimtazama Boke. Kisha aliinuka, akaenda kwenye meko, akafunua sufuria. Akaiinamia ile chai akaiambia, chai yenyewe, lakini kwa sauti ya kufika hadi barabarani:

"Lia wewe kwanza! Mimi nina chai jikoni!"

Nilisikia benchi la uani likigonga chini kwa kicheko. Awuor alikuwa ameshika andazi njiani kuelekea mdomoni, hali wala haweki. Boke akaja akanivuta nguo, anataka nisogee apite, kwa sababu bibi alikuwa amempa namba ya kupeleka. Nikasogea.