Mtaalamu na Waya wa Friji Langu

Wataalamu wa umeme na kompyuta walijaa hotelini kwa mkutano wa siku tatu, lakini niliyemtilia shaka ni mmoja tu. Kila wakati wa chai anatoka ukumbini, anakuja kwenye kibanda changu nyuma ya ukuta kunywa juisi yangu ya nanasi. Anakunywa taratibu, huku macho yanatambaa juu ya waya wa friji langu mpaka unaporuka ukuta kuingia jikoni kwa hoteli, ambayo haina habari. Wallahi, pua yake inanusa umeme kama paka anavyonusa dagaa! Friji haligusi kwa kiganja, hugusa kwa mgongo wa vidole, kama mama anayepima homa ya mtoto. Nikasema moyoni, leo nakatiwa umeme.

Siku ya mwisho akaweka glasi chini. “Bibi, umeme huu unatoka wapi?”

“Kwa Mungu, mwanangu.”

“Basi Mungu kakupa waya uliochubuka.”

Akachomoa plagi, akatoa utepe mweusi mfukoni, akafunga chubuko bila hata kulitazama. Kisha akachomeka plagi tena, akausogeza waya nyuma ya majani ya mpapai, usionekane, akarudi zake mkutanoni. Nikabaki najiuliza: huyu kwake anawasha taa kwa umeme wa nani?