Waya Chini ya Zulia

Mimi ndiye niliyelitia gari la baba wazimu. Nilivuta waya kutoka kwenye honi, nikaupitisha chini ya zulia hadi kiti cha nyuma, nikaweka swichi ndogo. Baba akisimama kumsalimia mzee wa kanisa, nabonyeza. Honi inalia, baba anaruka, mzee wa kanisa ananuna. Nilicheka wiki mbili nzima.

Kisha fyuzi ikaanza kuungua. Ukiweka mpya, inakatika kabla hujatoka getini, na taa za breki zinakufa nayo. Baba akasema ni fundi wetu wa mtaa wa Mirongo, maana ndiye aliyefunga redio mwezi uliopita. Tangu sijazaliwa huyo ndiye fundi wetu, lakini siku hiyo baba aliingia gereji bila salamu, nami nyuma yake, akamwambia mbele ya wateja kwamba anaharibu makusudi ili turudi.

Fundi alichomoa fyuzi, akaunga balbu mahali pake. Akanieleza mimi, si baba: balbu ikiwaka, kuna waya unagusa bodi, tunachomoa kimoja kimoja mpaka izime. Ndivyo alivyonifundisha mambo mengi, hata kuunga waya, nikiwa nimekaa juu ya tairi na sketi yangu ya shule. Akachomoa redio. Balbu inawaka. Akachomoa honi. Inawaka tu. Alipokisogeza kiti cha dereva, ikazima.

Reli ya kiti ilikuwa imeuchuna waya wangu. Aliuvuta wote, na swichi yake, akapaangalia pale nilipounga, kisha akaniangalia mimi.

"Unaujua huu?" baba akaniuliza.

"Hapana, baba."

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Nilingoja aniseme. Ningekuwa yeye, ningenisema.

"Basi tuseme ni wangu, mzee."

Baba hakuhitaji zaidi. Alisimulia mtaa mzima. Sasa gari letu linapelekwa kwa fundi mwingine, barabara ya Misungwi, na majirani wawili wamehamisha ya kwao. Jioni, kwenye maombi ya nyumbani, baba bado anamshukuru Mungu kwa kutufichulia mwizi. Na mimi, mwenye mdomo wa kumtania hata mwalimu wa zamu, nafumba macho naitikia amina.