Darubini Niliyomchagulia Kaka

Wakati wa Mwingereza nilikuwa karani katika duka la Mhindi mmoja mjini Arusha, duka la bunduki, risasi na darubini. Nilijiona mjuzi wa kila kitu. Kaka yangu alikuwa askari wa wanyama, kazi yake kufukuza nyati mashambani kwetu Akheri. Alipokuja kununua darubini, sikukubali mtu mwingine amhudumie.

Pale dukani tulikuwa na desturi yetu. Mteja alisimama barazani, akaielekeza darubini kwenye Mlima Meru, na ile iliyomsogezea kilele karibu zaidi ndiyo aliyoinunua. Kaka alijaribu mbili, saa sita mchana, jua kali. Ya kwanza ilikuwa na vioo vipana, ikivuta kwa kiasi. Ya pili ilikuwa na vioo vyembamba, lakini ilivuta mno. Alicheka peke yake, akasema anaona mpaka nyufa za mawe.

"Chukua hiyo," nikamwambia.

Tajiri yangu, yule Mhindi, aliyewahi kuwinda ujanani, alinivuta kando. "Nyati wanatoka saa ngapi? Si jua likizama? Mpe yenye vioo vipana. Hiyo inaona kwenye giza giza, tena inaona mahali pakubwa."

Nilidhani mzee anataka kuondoa mali iliyododa. Nikaitikia, halafu nikafanya nilivyotaka. Kaka akaondoka na ile ya pili shingoni, akitembea kama bwana shauri, yule Mzungu wa serikali, na mimi nikavimba kichwa.

Miezi miwili baadaye nyati waliingia kwenye mahindi ya jirani yetu, giza likianza kushika. Askari mwenzake alitusimulia. Kaka aliinua darubini, akatazama muda mrefu, akasema, "Ni mmoja tu." Akamsogelea, akapiga. Wa pili alikuwa hatua chache kushoto, kando ya migomba, nje ya kile kitundu alichokuwa akichungulia, naye akamvamia. Kaka hakufika hospitali.

Baada ya mazishi nilikwenda pale shambani kwa jirani jioni, saa ile ile, na darubini yake. Niliielekeza kwenye migomba nikaona weusi mtupu. Nikaishusha. Kwa macho matupu niliona shamba zima, hata jembe ambalo mtu alilisahau mtaroni. Nililia kwa hasira. Nilijichukia siku ile, na sijaacha.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa jikoni. Aliiona darubini mkononi mwangu, akaipokea, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu, hii ilikuwa nzuri?"

"Nzuri, mama. Dukani hapakuwa na nyingine kama hiyo."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kutomnyima kaka yangu kitu kizuri.