Majani ya Kufunika Sufuria

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ni ile niliyompa baba yangu matoke ambayo hayajaiva. Unacheka? Cheka tu, lakini nisikilize, maana nimesikia lori za udongo zinakuja Jumatatu kujaza kiwanja chako kule kwenye kinamasi cha mafunjo ya Bugolobi.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, tunakaa na baba yako kambini Mbuya. Mimi Mwacholi, nyanya yako, mama yake baba yako, Muganda, tukielewana kwa Kiswahili cha jeshi. Baba yangu alikuwa njiani kutoka Gulu kuja kuona binti yake ameolewa wapi. Nyanya yako akafunga ndizi za matoke kwenye majani ya mgomba, akaweka maji chini ya sufuria, akaniambia nisifunue. Aa, mimi! Kwetu tunasonga ugali, chakula unakiona kwa macho. Kila mara nafunua majani nichungulie, mvuke unanipiga usoni, unakwenda zake.

Baba alipofika, chini kumeungua, juu kugumu. Maskini, alikula mchuzi wa karanga mtupu, akasema ameshiba. Niliona aibu, nilitamani ardhi inimeze.

Alipoondoka, nyanya yako akaniita. "Wewe mtoto, maji niliweka mara moja tu. Yanapanda, yanagonga majani, yanarudi chini, yanapanda tena. Ukifunua, yatarudi vipi?"

Akanitoa nje, akanionyesha ziwa upande wa Luzira. "Na lile ni hivyohivyo. Jua linayapasha maji moto, yanapanda yanakuwa mawingu, yanatunyeshea huku kilimani. Yanateremka mpaka kwenye mafunjo, yanapita polepole, yanaacha uchafu pale, ndipo yanaingia ziwani. Hayo unayopikia ni yaleyale."

Sasa wewe unataka kung'oa mafunjo umwage udongo. Maji ya kilima hiki yapite wapi? Yataanza kwa mlango wako. Yakizuiwa hapo, yatakwenda kwa dada yako Luzira, na wale watoto wake wadogo. Na uchafu wote utaingia ziwani bila kupungua, halafu tufungue bomba tuunywe. Mimi hilo linanitia hofu, sikufichi.

Sikukatazi kujenga. Jenga huku juu kwangu, hata chumba kimoja, tutabanana. Nasaha yangu ni hii: maji yanayokuja kwako yana safari ya kurudi yalikotoka, na popote utakapoishi, waachie njia hiyo wanaokaa chini yako. Usiifunge kwa sababu tu hapo ni rahisi kupata kiwanja.

Na lori zikija Jumatatu zitanikuta nimekaa kwenye mafunjo na kiti changu. Utamwambia dereva mwenyewe kwamba yule bibi ni mama yako.

Mungu akupe nyumba kavu, mwanangu, na watoto wasiougua tumbo, na mvua ya kutosha. Haya, mpigie huyo dereva sasa hivi, nikiwa nakusikia.