Nati ya Mguu wa Mashine

Harufu ya dizeli ikichanganyika na unga wa moto hunirudisha Munje, kwenye kibanda cha mama cha kusagia nafaka. Nilikuwa darasa la nne. Siku moja, harusi ikiwa kesho yake, kina mama walikuwa wamepanga foleni na mchele wa vitumbua. Mashine ikaanza kutikisika vibaya. Nati ya mguu wake ilikuwa imelegea tena, ingawa mama aliikaza kila jioni.

Akaizima, akanisogezea kopo la washa, vile vyuma vya duara vinavyowekwa chini ya nati. "Haya mwanangu, chagua wewe."

Nilizibonyeza washa za springi, zile pete zilizokatwa upande mmoja. Zilizolala bila kurudi juu nikazitupa, nikabakisha moja ngumu, iliyosukuma kidole. Kisha nikachukua washa bapa, pana.

"Na hiyo ya nini?"

"Mguu huu ni wa mbao, mama. Springi peke yake itazama kwenye mbao. Hii bapa itangulie chini."

Mama akanipa spana, nikaikaza nati mwenyewe.

"Itashika kweli?" akauliza bibi mmoja kwenye foleni.

"Imefungwa na binti yangu," mama akajibu, akawasha mashine.

Tulisaga mchele wote. Jioni, mama alitundika spana msumarini bila kuigusa ile nati.