Kisima cha Bibi Kwenye Ramani

Nyumbani kwetu Kishapu, mtu akianza kupiga chuku tulimkata kauli: "Hayo sasa ni maji ya bibi." Mjomba akisema amevuna pamba ya kujaza lori, maji ya bibi. Dada akisema mchumba wake ana gari, maji ya bibi. Tuliyasema hayo mbele ya bibi mwenyewe, naye akacheka nasi. Mimi, mjukuu wake ambaye kwa utani huniita mume wake, ndiye niliyekuwa kinara wa kucheka.

Maji yenyewe ni haya. Bibi, mzaa mama, ameshikilia maisha yake yote kwamba kabla ya operesheni ya serikali ya kuwahamishia watu vijijini miaka ya sabini, yeye na babu waliishi kwenye mji wao, yaani boma lao wenyewe, uliozungushiwa ua wa minyaa, na hatua chache kutoka langoni babu alichimba kisima cha maji matamu yasiyokauka hata kiangazi. Sasa anayeijua Kishapu anayajua maji yetu. Ni ya chumvi, sabuni inagoma kutoa povu, na chai unaitia sukari mara mbili ndipo ikubali kuwa chai. Maji matamu? Bibi, hadithi imeisha, tulale.

Mimi nafundisha Jiografia Geita. Mwaka juzi nilitaka kidato cha tatu wajifunze jinsi kijiji kinavyobadilika kwa kulinganisha ramani ya zamani na ya sasa, na kwa mfano nikachagua kwetu. Rafiki yangu mpima ardhi akanipatia nakala ya ramani iliyochorwa kutokana na picha za ndege, kabla watu hawajahamishwa. Niliikunjua kwenye ofisi ya walimu. Zile nyumba za leo zilizojipanga kando ya barabara hazikuwepo. Badala yake vitone vyeusi vilitapakaa kila mahali kama mtama uliomwagika, na kila kitone kilikuwa mji wa mtu. Jirani na kitone kimoja, chini ya kilima cha mawe, palikuwa na kiduara cha buluu. Nikashusha macho kwenye ufunguo wa ramani. Kisima! Nilipiga ukelele, mwalimu wa Hisabati akajimwagia chai.

"Umepata dhahabu?" akauliza. Geita, kwenye migodi, hilo ndilo swali la kwanza.

Likizo ya Juni ilinikuta tayari niko njiani, ramani nimeikunja ndani ya bomba la plastiki. Nilimwamkia bibi, nikamtandikia ramani kwenye mkeka, nikamweleza vitone ni nini. Bibi hajui kusoma.

"Jua linatokea wapi hapa?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akaigeuza ramani nzima mpaka mashariki ya karatasi ikaelekea mashariki ya kweli, kisha akaanza kutembeza kidole. Huyu alikuwa na ng'ombe wengi na roho ndogo. Huyu mke wake alipika pombe, usiseme. Alipofika kwenye kitone kimoja akanyanyua kidole, akakirusha juu, akakishusha upande wa pili.

"Mbona umeruka?"

"Hapo ni kwa baba mkwe. Nipite mlangoni kwake bila adabu?"

Nilicheka hadi nikalala kwenye mkeka. Kidole kikasogea, kikafika kwenye buluu, kikatulia. Bibi aliinuka, akachukua kibuyu chake, akavaa kandambili.

"Twende, mume wangu."

Hapo nilikuwa tayari nimefanya kosa ambalo mwanafunzi wangu angelifanya ningemkata alama zote. Ramani ya zamani na ile ya sasa kwenye simu nilikuwa nimezioanisha kwa jina: jina la kijiji chetu juu ya jina la kijiji chetu. Simu ikatupeleka moja kwa moja hadi nyuma ya mashine ya kusaga.

"Yaya," alisema bibi, hapana ya Kisukuma isiyo na rufaa. "Siyo hapa."

"Lakini jina ni hili hili, bibi."

"Jina tulihama nalo. Ulitaka tuliache kule liliwe na fisi?"

Nikachuchumaa kwenye kivuli cha mashine, nikapanga upya kwa kufuata vitu ambavyo hakuna operesheni iliyoweza kuvihamisha, yaani vilima vya mawe na makutano ya mito miwili ya mchanga. Kila kitu kikasogea mwendo wa saa nzima kuelekea mashariki. Tukatembea.

Sasa hebu fikiria watu walituonaje. Kwetu ni jirani na Mwadui, na nusu ya wanaume wamewahi kuchekecha changarawe wakitafuta almasi. Wanamwona mtu katoka Geita, kashika ramani kuukuu, kila mara anainua simu juu. Nyuma yake bibi kizee na kibuyu, na kila baada ya hatua kadhaa anainama, anaokota udongo, anaulamba, anatema. Bibi alikuwa anapima chumvi. Wao waliona mganga akimwonyesha tajiri mahali pa kuchimba. Tulipofika chini ya kilima, nyuma yetu kulikuwa na msafara wa majembe na sururu.

"Ramani ya Mjerumani ile, ya mali aliyofukia," nilisikia mmoja akinong'ona.

Niliwaambia ukweli. "Jamani, sisi tunatafuta kisima."

"Sawa, mwalimu," walijibu, wakakonyezana.

Wakamgeukia bibi. "Bibi, chini kuna nini?"

"Maji."

Wakaangua kicheko. "Bibi anajua kutunza siri!"

Minyaa ilikuwa imekua miti mizima na kuacha mapengo makubwa. Tungeweza kupenya popote, lakini bibi alizunguka mpaka palipokuwa lango, akasimama hapo kama anabisha hodi. Kisha akageuka, akahesabu hatua kwa midomo, akakita kisigino.

"Hapa."

Sijawahi kuona watu wakichimba kwa furaha namna ile. Walipokezana, waliimba, walitaniana kuhusu magari watakayonunua. Nami nilicheka nao, lakini kila sururu ilipotua nilichungulia shimoni. Kama chini hakuna kitu, bibi yangu wa miaka themanini angekuwa mwongo mbele ya kijiji kizima, na aliyemleta hapo ni mimi na karatasi yangu.

Shimo lilipofika kifuani, sururu ikalia.

"Mawe! Yamepangwa!"

Shangwe zikapanda mpaka kilimani. Mawe yalikuwa yamepangwa kwa duara, kazi ya mikono ya mtu. Wakachimba kwa fujo sasa, mchanga ukaanza kulowa, ukawa tope, na katikati ya tope maji yakaanza kupanda taratibu. Wote wakainama ukingoni. Mchimbaji mmoja mwenye upara, aliyekuwa shimoni, akasubiri yatulie, akachota kwa kiganja, akaonja.

"Ni matamu," akatangaza, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba.

Nilirukaruka kama mwehu. Nikampigia mjomba simu nikapaza sauti, "Maji ya bibi yapo! Yapo!" hata sikungoja ajibu. Wachimbaji waliguna, wakalaumiana, kisha kiu ikawashinda wakaanza kunywa, na walipokunywa wakaanza kucheka wenyewe. Mwenye upara akamwomba bibi msamaha kwa kumwita mganga.

Bibi alikunywa wa mwisho. Alijaza kibuyu, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya babu, akanywa polepole, akakaa kwenye mchanga uliotolewa shimoni. Nikajitupa kando yake, jasho linanitiririka.

"Umefurahi, mke wangu?"

Akafuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Mlivyokuwa mnacheka miaka yote ile," alisema, "na mimi nilishaanza kuamini kwamba naongopa."

Kicheko kilinikauka. Bibi akanisukumia kibuyu mapajani.

"Kunywa kwanza," alisema. "Halafu twende nyumbani, ukawaambie wewe kwamba sikuongopa."