Jeshi Lililokwama Majanini

Kokushubila wa Kanazi ana jeshi zima chumbani mwake. Ni jeshi la karatasi. Ukuta wa kando ya kitanda umebandikwa kurasa za gazeti la picha la Kichina, ambalo mumewe Projestus, aliyekuwa karani wa ushirika kule Muleba, alilipata mjini Bukoba walipokuwa wapya katika ndoa. Alizibandika kwa uji wa muhogo ili udongo usiwadondokee usingizini, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno mengi, kila jioni alimsimulia mkewe ukurasa mmoja.

Hawa, alisema, ni wanamapinduzi. Wachina wenzao wamewazingira kusini, ndiyo maana wanaondoka na vyungu mgongoni.

“Wanakimbia?” bibi harusi aliuliza.

“Wanarudi nyuma,” Projestus alijibu kwa ukali, utadhani yeye ndiye kamanda wao.

Jioni baada ya jioni wakavuka mito chini ya risasi, wakapanda milima ya theluji, wakachemsha mikanda yao ya ngozi wakaila. Mwishowe wakaingia kwenye nyasi zisizo na mwisho, zenye matope ya kummeza mtu. Hapo Kokushubila aliruka kitandani. Nyasi hizo alizijua! Ilikuwa rweya, mbuga ile ile ya nyuma ya kwao Muleba, alikokwenda na wasichana wenzake kukata majani ya kutandika sakafuni.

Projestus alicheka mpaka machozi yakamtoka. “Basi wamefika kwenu. Kesho nitakuambia walivyotoka.”

Kesho yake mgambo wakaitwa. Ulikuwa mwaka wa vita ya Kagera. Projestus aliondoka asubuhi, shati kalichomekea vizuri, na hakurudi, wala mwili wake haukurudi. Mimba aliyoiacha ndiyo Annastella, mwenye duka Miembeni sasa.

Tangu siku hiyo jeshi limekwama majanini. Watu wamejaribu kumwambia Kokushubila mwisho wa hadithi. Padri alijaribu, mwalimu wa historia alijaribu, Annastella naye na simu yake inayojua kila kitu. Mama huinua mkono tu. “Mwenye hadithi yake hajarudi.” Ukaidi wa mwanamke huyu ungesimamisha lori la kahawa mteremkoni.

Na asichekwe. Mchana, jua likiingia dirishani, hujilaza akaona nyasi za ukutani zikiyumba. Harufu ya majani mabichi hujaa chumbani. Safu ndefu hupita kando ya kitanda, polepole, wengine vijana wadogo kabisa, miguu wameifunga vitambaa, wanakohoa. Yeye huwatazama usoni mmoja mmoja, akimtafuta asiye Mchina. Usingizi humchukua kabla safu haijaisha, na moyoni hushukuru. Maadamu hawajatoka, hakuna anayeweza kusema nani kabaki.

Lakini lile tetemeko la ardhi lililoitikisa Bukoba miaka ya karibuni liliupasua ukuta huo, na mvua za mwaka huu zikamalizia. Sasa umetoa tumbo. Annastella alikuja na Philbert, fundi wa Kitendaguro, kuubomoa kabla haujamwangukia mama yake.

“Mae, tutabandua kurasa kwanza. Nitazitia kwenye fremu.”

“Uwatoe majanini kwa patasi? Thubutu!”

Philbert alitoka nje akajifanya anaangalia mchanga. Annastella akaketi kitandani, amechoka. Simu hakuigusa.

“Basi nisimulie wewe, Mae. Mimi sauti ya tata, baba yangu, sikuisikia hata siku moja. Nisimulie kama yeye.”

Hilo hakuwahi kuombwa na mtu. Kokushubila alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyofanyiwa mgeni, akaanzia kwenye vyungu. Aliukunja uso akanguruma, “Wanarudi nyuma!” na Annastella akacheka, kisha akafuta machozi kwa kanga. Mito ikavukwa, milima ikapandwa. Wakafika kwenye nyasi.

Kokushubila akaugeukia ukuta. Aliweka kiganja juu ya ule ukurasa, na chini ya kiganja nyasi zikayumba.

“Walitoka,” alisema. “Walitokea kwetu Muleba, matope mpaka magotini. Walikuwa wachache sana. Tuliwapa kahawa ya kutafuna, mmoja mmoja, mpaka yule wa mwisho.”

Annastella alimsogelea.

“Niliwatazama wote usoni, mwanangu. Tata yako hakuwemo.”

Alilia basi, kwa sauti, kilio alichokuwa amekinyima nafasi tangu ujana wake, na binti yake akamshika mabega. Kilipopungua alichukua punje moja ya kahawa akaitafuna.

“Mwite fundi,” alisema. “Ukurasa wa nyasi aubandue taratibu, usichanike. Huo usiutie kwenye fremu. Na achimbe kaburi dogo la kuutosha kule migombani, karibu na babu yako. Leo tunamzika tata yako.”